Kutu Yala Tini kwa Tini

Kama umeishi Likoni, Kisauni au Changamwe walau mwaka mmoja, basi kazi ya kutu umeiona hata kama hukuitia maanani. Misumari ya paa hudondosha machozi mekundu ukutani. Baiskeli mpya haimalizi mwaka kabla mnyororo wake haujaanza kulia. Makomeo ya milango, vyuma vya madirisha, hata sufuria ya bati iliyosahauliwa uani, vyote hugeuka rangi. Lakini kutu hizo ni za juu, kila mwenye macho anaziona na akitaka anazisugua. Mie nataka kuizungumzia ile isiyoonekana, iliyojificha chini ya gari, kwenye sakafu, kwenye chesisi na kwenye vibomba vyembamba vya breki.

Najua wapo watakaocheka. Chama cha Kiswahili na mambo ya gereji wapi na wapi! Mwalimu mlezi wetu aliponiuliza nitaandika nini mwaka huu, nami nikamjibu, alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama sikuiona ile mada ya "Umuhimu wa Elimu". Nikamwambia, kwa heshima zote, kuwa karo yangu mimi inatoka juu ya gari, na chini ya gari hilo pakioza, huo umuhimu wa elimu nitausomea nyumbani. Akacheka, akaniruhusu.

Mama yangu huuza samaki. Mjomba, nduguye mama wa tumbo moja, ana pikapu ndogo, na wawili hao katika kazi ni chanda na pete. Mjomba huendesha, Mama hununua. Alfajiri huteremka pwani ya kusini hadi Gazi au Msambweni, wakawapokea samaki kwa wavuvi, wakawapanga kwenye barafu na kurudi nao Likoni. Wengine huuzwa hapa hapa kwetu, wengine huvushwa kwa feri hadi kisiwani. Nyumba mbili, watoto saba, sote twala kwa gari hilo moja. Likilala gereji wiki moja, hata kitoweo hubadilika.

Sasa fikiria safari yenyewe. Barafu huyeyuka njiani, na maji yake yaliyochanganyika na chumvi na damu ya samaki hupenya kwenye nyufa za sanduku la nyuma yakatiririka hadi kwenye chesisi. Ufikapo kivukoni, pale mlango wa feri unapoegemea zege, maji ya bahari huwa yametuama, na kila tairi likipita huyarusha juu. Na hata gari likilala nyumbani, upepo wa kusi huleta vumbi la chumvi usiku kucha. Kwa hivyo magari mengine ya kwetu yanaishi kando ya bahari tu. Gari la samaki huibeba hiyo bahari mgongoni.

Katika kemia ya kidato cha kwanza sote tulifanya lile jaribio la misumari. Mmoja tuliutia katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, wa pili katika hewa kavu, wa tatu katika maji ya kawaida, na wa nne katika maji ya chumvi. Baada ya siku kadhaa miwili ya kwanza ilikuwa bado inang'aa, wa tatu umepiga wekundu, na wa nne, lo! ulikuwa kama umetolewa kaburini. Tukaandika daftarini kuwa kutu yahitaji vitu viwili, maji na oksijeni, na kwamba chumvi huiharakisha. Sababu ni kuwa kutu ni kazi ya umeme mdogo sana unaotoka sehemu moja ya chuma kwenda sehemu nyingine, na maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji matupu.

Jambo ambalo jaribio lile halikutufunza, mie nilijifunza jikoni. Wakati wa masika kopo la chumvi hulowa lenyewe bila kumwagiwa tone la maji, hata Mama akalazimika kutia punje za mchele ndani yake. Chumvi huyanywa maji ya hewani. Chumvi safi huanza kuyanywa unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na chumvi ya bahari, kwa vile ina magnesi ndani yake, huanza mapema zaidi. Huku kwetu usiku mwingi unyevu hupita kiwango hicho. Maana yake ni kuwa gari lililoshika chumvi chini huwa limelowa hata kama mvua haijanyesha mwezi mzima. Juu waliona kavu, wavumbi. Chini lavuja jasho. Ndiyo maana mafundi husema gari la Nairobi huzeeka injini, la Mombasa huoza bodi.

Mjomba alipolinunua gari hili, katika yadi moja ambayo sitaitaja, kitu kilichompendeza zaidi kilikuwa ni hicho hicho cha chini. Muuzaji alilala chali, akammulikia tochi, akamwambia, "Angalia mwenyewe, mzee. Tini kote andasili mpya." Andasili ni ile rangi nyeusi nzito, jamaa ya lami na mpira, inayopakwa tumboni mwa gari kuzuia maji. Na kweli ilikuwa mpya, nyeusi ti, inang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Mjomba akalipa.

Hapo sharti nieleze magari haya yanakotoka. Sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayoteremshwa katika bandari yetu hutoka Japani, na sheria ya Kenya hairuhusu yaliyozidi umri wa miaka 8. Miaka minane si mingi kwa gari. Lakini Japani si nchi ya joto yote. Kaskazini mwake, hasa kisiwa cha Hokkaido, theluji huanguka kwa wingi wakati wa baridi, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu isigande na magari yasiteleze. Chumvi ile hurushwa na matairi hadi tumboni mwa gari, miezi kadhaa kila mwaka. Basi gari laweza kutoka huko likiwa jipya usoni na mzee miguuni, kisha likaja kupumzishwa wapi? Likoni, kando ya bahari! Ama kwa hakika ni kutoka mvuani na kuingia mtoni.

Siwasemi Wajapani wala siwasemi waagizaji wote. Wapo wauzaji waaminifu, na gari huchunguzwa kabla halijapakiwa melini. Nasema tu kuwa rangi nyeusi mpya kwenye gari kuukuu ina maswali yake, na anayenunua hana budi kuyauliza. Mjomba hakuuliza. Yule bwana alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwa mara ya kwanza nikaona msemo ule una maana ya waziwazi kabisa.

Miaka miwili gari likaenda vizuri. Mjomba ni mtu msafi, na kila jioni alilifukuzia chumvi kwa ndoo sita za maji ya kisimani. Tulimsifu sana kwa hilo. Mwaka wa tatu, mwezi wa Novemba, walikuwa wakiteremka kuelekea kivukoni asubuhi na mzigo kamili. Mjomba akakanyaga breki kwa ile foleni iliyokuwa mbele. Kanyagio likaenda hadi chini bila ya kushika. Akakanyaga tena, chini. Mama anasema Mjomba hakupiga kelele wala hakusema neno, alivuta breki ya mkono kwa mkono mmoja na kwa mwingine akalikata gari kushoto, likapanda kifusi cha mchanga kilichokuwa kimemwagwa kando ya duka linalojengwa, likazimika hapo. Mbele yao, hatua kama kumi, palikuwa na watoto wa shule ya msingi waliokuwa wakielekea darasani. Mama aliniambia habari hiyo ya watoto baada ya wiki nzima.

Fundi wa karibu alikuja akaingia chini, akatoka na kipande cha bomba la breki kisichozidi urefu wa kidole. Kilikuwa kimekatika kama muwa mkavu. Nje kilikuwa cheusi kwa andasili, ndani yake ni kutu tupu. Fundi huyo alibadilisha bomba lile moja, akasema sasa gari liko sawa, na kwa shilingi elfu tatu zaidi angepaka nyeusi nyingine juu ya ile ya zamani "lirudi kama lilivyokuwa". Mama akamuuliza, "Kwani lilivyokuwa ndivyo vipi, fundi?" Fundi hakuwa na la kujibu, na Mama hakuwa na elfu tatu.

Tukashauriwa kulipeleka Changamwe, kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza bodi za malori ya bandarini kwa miaka mingi. Tulipitia Dongo Kundu, polepole, maana Mjomba hakutaka tena kuiona feri. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Disemba, nami nikafuatana nao.

Mzee fundi hakutazama kwa tochi. Alichukua bisibisi. Akalala juu ya gunia, akawa anabisha na kudunga, anabisha na kudunga, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Penye chuma kizima palilia ngo! Penye kuoza palilia pu, na bisibisi ikaingia kama kisu katika papai. Akaniita.

"Ndoo, mwanangu. Lala hapa uone. Waona hii nyeusi?"

"Naiona, mzee."

"Hii si dawa. Hili ni buibui. Limefunika tu." Akaivuta kwa ukucha, ikatoka pande zima, na nyuma yake kukatoka unga mwekundu na maji. Nasema maji, msomaji, na gari halikuwa limeguswa na mvua siku tisa. "Kutu haifi ikifunikwa," akasema. "Yala tini kwa tini. Ukiipaka juu waifungia na maji yake na chumvi yake, waiwekea na chakula."

Maneno yale yalinikaa. Tunafunzwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nimeiandika methali hiyo katika insha zaidi ya tatu. Lakini kwa gari kuna ufa ambao ukiuziba bila kuusafisha ndivyo unavyojenga huo ukuta kwa haraka zaidi. Andasili nzuri ikipakwa juu ya chuma safi kikavu hulinda miaka. Ikipakwa juu ya kutu hubanduka kidogo pembeni, maji ya chumvi yakaingia nyuma yake, yasipate tena njia ya kutoka wala upepo wa kuyakausha. Na kutu nayo huvimba, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ikazidi kuibandua rangi. Gari lisilopakwa kitu, lenye kutu ya wazi, angalau mwenyewe huiona na kuogopa. Hili letu lilikuwa na aibu iliyovishwa suti.

Kisha likaja suala la maji. Mzee fundi alitaka kwanza chini pote paoshwe. Mjomba akasema kwa fahari kuwa hilo halina shida, huliosha kila siku.

"Kwa maji gani?"

"Ya kisimani kwetu."

"Sabuni yatoa povu?"

Kimya. Kila mtu wa kwetu ajua kuwa visima vyetu vingi vya Likoni vina maji ya chumvi. Hayafai kupikia wali, sabuni haitoi povu, na ukioga nayo ngozi hubaki na magadi. Mjomba miaka miwili yote hiyo alikuwa akiondoa chumvi kwa chumvi. Sikuwahi kumwona mtu mzima akinyamaza vile. Na wala hakuwa peke yake. Zungukia vibanda vya kuoshea magari upande wetu huu, uulize maji yatoka wapi. Mengi ni ya kisima. Gari latoka likimetameta juu, na tini limetiwa kipimo kingine cha chumvi, na mwenyewe amelipa.

Maji matamu ya kuteka kwa mikokoteni kwetu hununuliwa mtungi kwa mtungi, na bei hupanda mifereji ikikauka. Fundi alitaka mitungi kumi. Mama akashika kiuno. "Maji ya kunywa tumwage tini ya gari?" Hakuwa na makosa. Katika nyumba ya watoto saba mitungi kumi si mchezo. Walibishana kwa adabu mpaka adhuhuri, na mwisho Mama ndiye aliyepata jibu, akauliza kama maji ya mvua yafaa. Fundi akasema hakuna bora kuliko hayo, hayana chumvi kabisa. Wazee wetu walijenga majabia ya kukinga maji ya mvua misikitini na majumbani, na sisi tuna paa la mabati na pipa la lita 200 lililokuwa likitumiwa kuwekea makaa. Pipa hilo limesuguliwa, limewekwa chini ya mchirizi, nalo tangu siku hiyo ni la gari. Mtoto akichota maji yake ya kuogea hupata adabu. Siku ile hata hivyo tulinunua mitungi kumi, hapakuwa na njia.

Kazi ilichukua siku sita. Wengine watadhani kupaka ndiyo kazi, kumbe kupaka kulichukua asubuhi moja. Siku ya kwanza ilikuwa ya kuosha, na hasa kuzibua vile vitundu vidogo vilivyo chini ya vizingiti vya milango. Vitundu hivyo viliwekwa na watengenezaji ili maji yaliyoingia ndani ya bodi yapate kutoka. Vyetu vilikuwa vimezibwa kwa tope na kwa ile andasili ya yadi, na mzee alipovizibua kwa waya yakamwagika maji meusi yenye harufu, kama nusu kikombe kila upande. Siku ya pili gari liliachwa juu ya mawe likauke. Siku ya tatu na ya nne ni kukwangua. Nami niliingia chini, kwa brashi ya waya, miwani ya kulehemu machoni na leso kichwani. Wapita njia wakasimama kumtazama msichana chini ya gari. Mmoja akauliza, "Huyu naye atafuta nini huko?" Fundi akamjibu kuwa anatafuta karo. Vumbi la kutu huingia hata baina ya meno, lina ladha ya damu.

Palipokuwa pameoza palikatwa, pakatiwa kiraka cha bati jipya kwa kulehemu. Viraka vinne, kimoja kikubwa kama daftari. Mabomba yote ya breki yalibadilishwa, si lile moja. Penye kutu nyembamba iliyong'ang'ania palipakwa dawa ya majimaji yenye asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kutu ikawa nyeusi na ngumu. Kisha rangi ya kwanza, ile nyekundu ya vyuma, ikaachwa hadi ikauke kabisa. Ndipo ikaja andasili, mikono miwili myembamba, kwa sababu ukiipaka nene mara moja juu hukauka na ndani hubaki mbichi, halafu ikapasuka. Ekzosi haikupakwa, wala diski na dramu za breki, maana vitu hivyo hupata moto au husuguana. Ndani ya zile sehemu za chesisi zilizo wazi kama bomba, ambamo brashi haifiki, mzee alipuliza mafuta mepesi yenye nta. Na mwisho wa yote alivipitia tena vile vitundu kuhakikisha hakuna kilichozibwa.

Nilimwuliza mbona hakufanya haraka. Akaniambia kaskazi ndio wakati wake, hewa kavu, jua kali. Mtu apakaye wakati wa masika hufungia maji ndani hata awe fundi namna gani.

Jioni nikamsimulia babu yangu, ambaye ujana wake wote ulikwisha baharini. Hakushangaa hata kidogo. Kwani ati chombo hakilindwi vivyo hivyo? Mashua hupandishwa pwani maji yakijaa, maji yakitoka ikabaki juu ya mchanga. Hukwanguliwa chaza na mwani, huchomwa kidogo kwa makuti yanayowaka ili wadudu watobozi wafe na mbao zikauke, hukalafatiwa penye nyufa, na baada ya hayo yote ndipo hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Juu ya maji hupakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake humtambulisha baharia kabla hajafika. Babu akasema nahodha anayepaka deheni juu ya mbao chafu huyo ni mtu wa kuogopwa. Sikuwa nimefikiria kuwa kazi ya mzee wa Changamwe ilikuwa ya kale kiasi hicho.

Rafiki yangu wa Chama cha Sayansi ameniuliza mbona gari lisifungwe vipande vya zinki kama meli, kwani zinki huliwa kwanza ikaokoa chuma. Ni swali zuri. Kwa meli hufanya kazi kwa sababu zinki na chuma vyote vimezama katika maji yale yale, na ule umeme mdogo una njia ya kupita baina yao. Gari halikuzama, Mungu apishe mbali, kwa hivyo kipande kilichofungwa hapa hakiwezi kukilinda chuma kilicho kule. Zinki husaidia gari pale tu inapokigusa chuma chenyewe, yaani ikiwa imepakwa juu ya bati kama mabati ya nyumba, au ikiwa imechanganywa katika rangi ya kwanza.

Na oili chafu? Hilo ndilo suala la kila mtu. Magari mengi ya uchukuzi hupuliziwa chini oili ya injini iliyotumika, wakati mwingine ikichanganywa na dizeli, kwa kuwa ni rahisi au bure. Sitasema haizuii maji. Huyazuia kwa muda. Lakini hunasa mchanga, huoshwa na mvua ya kwanza, na hulainisha mipira na bushi za gari. Tena hudondoka. Inadondokea wapi? Mchangani petu, na mchanga wa Likoni haushiki kitu, na hatua ishirini kutoka hapo pana kisima. Maji yenye chumvi angalau twajua hayanyweki. Kwa maoni yangu oili chafu ni ya kukatazwa, na mwenye pikapu asiye na pesa za andasili aanze na kukwangua, kuosha kwa maji ya mvua na rangi ya kwanza peke yake, atakuwa amekwenda mbali zaidi.

Gharama yote, pamoja na mabomba na mitungi, ilifika shilingi 31,000. Nazitaja kwa sababu ndizo zilizonichelewesha kurudi shule muhula wa kwanza kwa majuma matatu. Katika majuma hayo Mama alipeleka samaki kwa matatu, beseni kwa beseni, na makanga wakawa wanamkataa kwa harufu au kumtoza kiti cha pili. Alikuwa anarudi usiku. Hakulalamika, ila siku moja alisema kuwa zile ndoo sita za kila jioni ndizo zinazomuuma kuliko pesa.

Huu sasa ni mwaka wa pili. Disemba iliyopita tulilipandisha tena gari juu ya mawe, mimi na Mjomba, kwa bisibisi na tochi. Tulidunga kila mahali. Chini kote palilia ngo, isipokuwa mahali pamoja nyuma upande wa kushoto, doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Ni pale pale maji ya barafu yanapodondokea. Tulikwangua, tukapaka, lakini Mjomba alikaa akafikiri, akatoboa tundu moja katika sakafu ya sanduku, akaziba mengine yote kwa kuyajaza, na katika tundu hilo akaunga mpira wa maji wa futi mbili unaoyateremsha maji ya samaki moja kwa moja hadi barabarani bila kugusa chuma. Tangu hapo doa halijarudi. Mpira wenyewe juzi ulichomoka katika matuta ya Ng'ombeni, na Jumamosi hii ni zamu yangu kuingia tini kuufunga. Nimenunua kamba ya nailoni. Mjomba alitaka waya.